Megawati bila usukani: Funzo la mabwawa ya Mbeere kuhusu giza linaloikumba nchi

MTU akisimama Kiritiri, Kaunti ya Embu, jua linapotua, huona nguzo za chuma zikiwa zimebeba nyaya nene juu ya mashamba ya mtama na ndengu. Nyaya hizo hutoka katika mabwawa ya Mto Tana yaliyo mwendo mfupi kutoka hapo, na hupeleka umeme Nairobi na kwingineko. Hata hivyo, usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, ilipofika saa tatu na dakika 45, karibu nchi nzima ilizama gizani, na kuishi jirani na mabwawa hakukuwa kinga kwa mtu yeyote.

Usiku huo abiria walikwama gizani katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, na mkuu wa halmashauri ya viwanja vya ndege akapoteza kazi. Wakenya walipodhani mambo yametulia, giza lilirudi 11 Novemba na 10 Desemba mwaka huo huo, kisha 2 Mei na 6 Septemba 2024. Kwa muda wa mwaka mmoja na siku chache, sehemu kubwa ya nchi ilikosa umeme kwa mkupuo angalau mara tano.

Kila giza linapoingia, mjadala huwa ule ule: umeme hautoshi, tujenge mitambo zaidi. Ni kweli kwamba mahitaji yanaongezeka. Kilele chake kilipita megawati 2,300 mwaka 2025, na serikali yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya maeneo hupunguziwa umeme saa za jioni. Lakini uhaba na kuporomoka kwa gridi ni maradhi mawili tofauti. Mwenye uhaba hugawa kidogo alicho nacho. Gridi iliyoporomoka huwa na mitambo mizima, maji bwawani na mvuke ardhini, na bado hakuna taa inayowaka.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba maradhi haya ya pili yanatokana na udhaifu wa usukani. Wasukani wakubwa wa gridi yetu wamekaa Mbeere tangu 1968, nao wanazidi kulemewa.

Gavana asiyepigiwa kura

Mabwawa matano yamejipanga kwenye Mto Tana katika mipaka ya Embu na kaunti za Machakos na Kitui: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilitangulia mwaka 1968, Kamburu likafuata 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa jumla yanaweza kuzalisha takriban megawati 600, Gitaru pekee likiwa na 225. Kampuni ya Kuzalisha Umeme Nchini (KenGen) ndiyo inayoyaendesha.

Ndani ya kila kituo kuna chombo ambacho wahandisi hukiita gavana. Huyu hapigiwi kura wala hana msafara wa magari. Ni kidhibiti mwendo: hupima kasi ya mtambo, huilinganisha na kasi inayotakiwa, kisha hufungua au hufunga vilango vya maji ili kusahihisha tofauti.

Umeme mwingi tunaotumia hauwekwi ghalani. Unaozalishwa sekunde hii ndio unaotumika sekunde hii. Mitambo yote ya gridi huzunguka kwa mapatano ili mawimbi ya umeme yawe 50 kwa sekunde. Watu wa Maua na Chuka wakiwasha taa na majiko kwa pamoja saa moja jioni, mitambo huelemewa na kupungua kasi kidogo, na kidhibiti huongeza maji. Watu wakienda kulala, mitambo hutaka kukimbia, na kidhibiti hupunguza maji. Mzunguko huu wa kupima na kusahihisha ndio wataalamu wanaouita mrejesho.

Wazo lenyewe ni kongwe. James Watt alifunga kidhibiti cha namna hiyo kwenye injini ya mvuke mwaka 1788. Mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell alichapisha makala yaliyoonyesha kwa hesabu kwamba kidhibiti kilichotengenezwa vibaya hakikosi tu kusaidia, bali chenyewe huwa chanzo cha msukosuko. Sentensi hiyo inafaa kukumbukwa kila tunapozungumzia giza.

Haraka haraka haina baraka

Mfano mzuri uko katika mabomba ya mabwawa yetu. Mtu angedhani kwamba vilango vikifunguliwa, nguvu ya mtambo huongezeka papo hapo. Sivyo. Maji yaliyo katika bomba refu ni mazito na huchukua muda kushika kasi. Kilango kinapopanuka ghafla, msukumo wa maji mbele ya mtambo hushuka kwanza, na kwa muda mfupi nguvu hupungua badala ya kuongezeka. Ndipo baadaye maji hushika kasi na nguvu ikapanda.

Sasa fikiria kidhibiti chenye pupa. Kinaona mwendo umepungua, kinafungua vilango. Nguvu inashuka zaidi, kinafungua tena. Maji yanapofika kwa kishindo, mtambo unakimbia kupita kiasi, nacho kinafunga kwa pupa ile ile. Matokeo ni mtambo unaoyumba kama mlevi, na gridi nzima huyumba pamoja nao. Wahenga waliposema haraka haraka haina baraka hawakuwa wameona bomba la Kamburu, lakini mhandisi wa maji huishi kwa methali hiyo: hukipa kidhibiti subira ya sekunde kadhaa kabla ya kukiruhusu kitumie nguvu zake zote.

Ugumu hauishii hapo. Subira ifaayo leo haitafaa kesho, kwa sababu mtambo wenyewe hubadilika tabia. Maji yakipita kwa wingi, muda unaohitajika kuyaharakisha huwa mrefu kuliko yakipita nusu. Bwawa likijaa, kilango kile kile hutoa nguvu nyingi kuliko bwawa likiwa limepungua. Mwaka 2009, wakati wa ukame, kituo cha Masinga kilifungwa kwa uhaba wa maji. Mwaka 2024, katika mvua za Aprili na Mei, bwawa hilo hilo lilijaa hadi likafurika, na wakazi wa Garissa na Tana River wakahesabu hasara. Baina ya hali hizo mbili, kidhibiti hukabili mitambo ambayo ni kama si ile ile.

Hii ndiyo maana ya mifumo isiyofuata mstari ulionyooka: ukiongeza mara mbili unachotia, haimaanishi utapata mara mbili. Dereva wa barabara ya Embu hadi Meru anaijua hesabu hii bila kuisoma. Namna ya kukanyaga breki inayotosha kwenye tambarare haitoshi akiteremka kuelekea daraja la Nithi na gari limejaa. Barabara ni moja na gari ni moja, lakini kanuni ya kuliongoza hubadilika kulingana na mteremko, mzigo na kona. Kidhibiti kilichopangwa kwa hali moja tu ni dereva aliyejifunzia uwanjani.

Gololi na bakuli

Mwaka 1892, mwanahisabati Mrusi Aleksandr Lyapunov aliwasilisha tasnifu ambayo hadi leo ndiyo msingi wa kazi hii. Fikra yake yaweza kuelezwa kwa gololi iliyo ndani ya bakuli. Ukiisukuma kidogo, hupanda ukingoni, huteremka, huyumba na hatimaye hutulia katikati. Lyapunov alionyesha kwamba kama unaweza kupata kipimo cha msukosuko kinachopungua daima, kama nishati ya gololi inavyopungua, basi una hakika kwamba mfumo utatulia, hata kama huwezi kutabiri kila hatua ya safari yake.

Lakini bakuli lina ukingo. Ukiisukuma gololi kwa nguvu ikavuka ukingo, hairudi. Gridi ya umeme iko hivyo hivyo. Mtambo wa Kiambere na mitambo mingine imefungamana kupitia nyaya kana kwamba imeunganishwa kwa mpira: kadiri mmoja unavyoutangulia mwingine, ndivyo mpira unavyoukaza na kuurudisha. Hata hivyo, pembe baina yao ikipita nyuzi 90, mvuto huanza kulegea badala ya kukaza, na mitambo ikiendelea kutengana hupotezana. Vifaa vya kinga hukata nyaya ili mitambo isiungue, mzigo huangukia iliyobaki, nayo hukatika kwa zamu. Hilo ndilo giza tunalolijua.

Kwa hiyo swali la msingi kwa wanaosimamia sekta ya kawi si "tuna megawati ngapi?" Swali ni hili: bakuli letu ni pana kiasi gani? Tukisukumwa kwa kiasi gani tutarudi, na kwa kiasi gani hatutarudi?

Septemba 6, saa mbili na dakika 56

Kisa cha 6 Septemba 2024 kinatoa sehemu ya jibu. Kwa mujibu wa taarifa ya Waziri wa Kawi, Opiyo Wandayi, saa mbili na dakika 56 asubuhi laini ya Loiyangalani ilikatika katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 kutoka mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana. Kisha laini ya kilovolti 500 kutoka Ethiopia, iliyokuwa ikileta megawati 200, nayo ikakatika. Megawati 488 zilitoweka kwa ghafla. Hata kama mahitaji yangekuwa katika kilele cha mwaka 2025, hicho ni takriban sehemu moja ya tano ya mahitaji yote.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, laini hizo mbili huishia Suswa, mahali pamoja. Pili, umeme wa upepo wa Turkana na ule wa mkondo mnyoofu kutoka Ethiopia huingia gridini kupitia vifaa vya kielektroniki, na vifaa hivyo havitoi vyenyewe ule uzito wa magurudumu yanayozunguka ambao hupunguza kasi ya mporomoko, isipokuwa vikipangiwa kufanya hivyo. Mitambo ya mvuke ya Olkaria ina uzito huo, lakini aghalabu huendeshwa kwa kiwango kisichobadilika. Kwa miaka mingi, kazi ya kuongeza na kupunguza nguvu sekunde baada ya sekunde imebebwa zaidi na mabwawa ya Mbeere. Tumeongeza abiria na mizigo, usukani ukabaki ule ule.

Hii si hoja ya kuulaumu upepo. Baada ya giza la Agosti 2023, Kampuni ya Umeme nchini (Kenya Power) ilitaja kupotea kwa umeme wa Ziwa Turkana, nayo kampuni ya Lake Turkana Wind Power ikajibu kwamba mitambo yake ilijizima kwa sababu volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Mmoja anasema moto ulianzia jikoni, mwingine anasema jiko liliungua kwa sababu nyumba ilikuwa inawaka. Katika mfumo wa mrejesho, kauli zote mbili zaweza kuwa na ukweli, kwa maana kila sehemu huathiri nyingine na kuathiriwa nayo. Anayeweza kuamua ni yule mwenye kumbukumbu za volteji na mawimbi, sekunde kwa sekunde.

Wenzetu walifanyaje

Uingereza ilipatwa na kisa cha namna hii 9 Agosti 2019. Saa kumi na dakika 52 jioni radi ilipiga laini moja kaskazini mwa London. Jambo dogo, gridi hupigwa na radi kila mara. Lakini kidhibiti cha volteji cha mitambo ya upepo baharini iitwayo Hornsea kilianza kuyumba badala ya kutulia, na megawati 737 zikapotea. Kituo cha gesi cha Little Barford nacho kikakatika. Wateja takriban milioni 1.1 walikatiwa umeme na vifaa vilivyopangwa kutoa sadaka sehemu ili kuokoa nzima. Gridi iliyobaki ilisimama, na umeme ukarejeshwa kwa chini ya saa moja.

Kilichofuata ndicho cha kuigwa. Programu ya kidhibiti cha Hornsea ilirekebishwa siku iliyofuata. Ripoti kamili zenye michoro na vipimo zilichapishwa ili kila mtu asome, na wenye vituo hivyo viwili wakalipa pauni milioni 4.5 kila mmoja. Hakuna aliyesema dawa ni kujenga mitambo zaidi. Kosa lilikuwa katika kidhibiti kilichofaa hali ya kawaida na kisichofaa gridi iliyodhoofika kwa sekunde chache. Uhispania na Ureno nazo zilizama gizani 28 Aprili 2025, na uchunguzi ukaonyesha volteji iliyopanda bila kudhibitiwa. Nchi hizo hazikuwa na uhaba wa umeme siku hiyo.

Mtambo mdogo, somo kubwa

Hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta somo. Katika iliyokuwa Wilaya ya Meru Kusini, sasa Kaunti ya Tharaka-Nithi, wanakijiji walijenga mtambo mdogo wa maji wa Tungu-Kabiri, wenye kilowati 18, kwa msaada wa mashirika ya maendeleo kwenye mwanzo wa miaka ya 2000. Kiwanda cha majani chai cha Imenti nacho kilijijengea mtambo wake wa maji. Mashariki mwa Mlima Kenya hakuna haja ya kumfundisha mtu thamani ya mto.

Mtambo mdogo unaojitegemea una shida ambayo gridi kubwa huificha. Familia kumi zikizima taa kwa pamoja, mtambo hukimbia na balbu zilizobaki zaweza kuungua. Dawa inayotumika katika mitambo mingi ya aina hii duniani ni rahisi na ya werevu: maji huachwa yatiririke kwa kiwango kile kile, na kidhibiti cha kielektroniki hupeleka umeme wa ziada kwenye hita zinazochemsha maji. Mzigo ukipungua kijijini, hita hupokea zaidi. Mzigo ukiongezeka, hita hupokea kidogo. Mtambo hauhisi tofauti.

Kisa hicho kinaibua swali ambalo wakazi wa Embu na Meru wana haki ya kuliuliza. Gridi ya taifa ikiporomoka, kwa nini Mbeere isibaki na taa? Mitambo ya maji ndiyo rahisi kuwashwa upya baada ya giza. Kwa nini isitengwe na kuendelea kulisha mashariki mwa Mlima Kenya huku Nairobi ikisubiri?

Jibu la kweli ni kwamba yawezekana, lakini si kwa kufunga swichi tu. Mtambo mmoja wa Gitaru una zaidi ya megawati 70. Ukiachiwa mzigo mdogo wa miji michache, utalazimika kufungua vilango kidogo sana, hali ambayo huleta mitetemo inayoumiza chuma. Isitoshe, kidhibiti kilichopangwa kusaidiana na mitambo mingine kadhaa huweza kuyumba kikiachwa peke yake. Kutenga eneo kunahitaji vidhibiti vinavyotambua kwamba hali imebadilika na kubadili kanuni zao papo hapo, vifaa vya kuchagua ni laini zipi zibaki, na majaribio ya mara kwa mara. Ni kazi ya akili na nidhamu zaidi kuliko ya saruji.

La kufanywa

Kwanza, kila giza la kitaifa lifuatwe na ripoti kamili inayochapishwa, yenye vipimo vya sekunde kwa sekunde. Taarifa fupi kwamba laini fulani ilikatika inaeleza kilichoanza, haielezi kwa nini hakikuishia hapo. Laini kukatika ni jambo la kawaida. Nchi kuzima ndilo la kuelezwa.

Pili, vidhibiti vya mabwawa vijaribiwe katika hali zote, bwawa likiwa limejaa na likiwa limepungua, mitambo ikiwa na mzigo mdogo na mkubwa, na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) iyaone matokeo.

Tatu, utulivu ulipiwe. Mtambo unaoacha megawati kadhaa bila kuuza ili uwe tayari kuokoa gridi hutoa huduma, na mwenye kutoa huduma bila malipo huchoka. KenGen ina mipango ya betri na ya mitambo ya jua ya megawati 42.5 karibu na mabwawa haya. Betri hujibu kwa haraka ambayo maji hayawezi, lakini itafaa tu ikipangiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Mitambo ya jua ikija bila kazi hiyo, itaongeza megawati na kupunguza upana wa bakuli.

Nne, takwimu zifunguliwe kwa wasomi. Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru viko saa chache tu kutoka mabwawani. Ni aibu mwanafunzi kukokotoa mifano ya gridi za ng'ambo ilhali gridi iliyomzimia taa usiku wa mtihani iko mlangoni pake.

Gharama ya kutofanya hivyo haionekani katika bili ya mwezi. Huonekana katika majani chai yaliyoharibika kiwandani Githongo au Rukuriri feni zikisimama, katika maziwa yaliyoganda kwenye majokofu ya chama cha ushirika, na katika fundi wa kuchomelea vyuma wa Ishiara anayemrudishia mteja malipo ya awali. Wenye jenereta huvumilia. Wasio nazo hulipa kwa riziki yao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa gridi yetu hauko katika idadi ya mitambo pekee. Uko katika namna mitambo hiyo inavyosikilizana mmoja wao anapojikwaa. Mkazi wa Kiritiri ambaye nyaya hupita juu ya shamba lake ana haki ya kujua kama usukani wa nchi umekazwa, hasa kwa vile usukani wenyewe uko kwao.